Mafuta ya Kopo: Yajue Kabla ya Kuyapuliza

Ndugu mkulima, gari lako ni chombo cha kazi kama jembe na plau. Hapa Malili vumbi la njia za mashambani huingia katika kila bawaba, na mvua za Novemba huleta kutu. Kwa hiyo wakulima wengi huweka kopo la mafuta ya kupuliza. Yafaa sana, lakini yana mahali pake.

Kopo linalojulikana zaidi, WD-40, lilianzia San Diego, Marekani, mwaka 1953, nalo lilitumika kuzuia kutu kwenye kombora la Atlas. Herufi hizo mbili zina maana ya kufukuza maji. Basi kumbuka: kazi yake ni kufukuza maji na kulegeza kutu, si kushika mahali pa grisi.

YATUMIE HAPA
Nati iliyoshikwa na kutu: puliza, ngoja dakika 10 au 15, ndipo ufungue. Bawaba za milango: puliza kidogo tu, kisha pangusa kwa kitambaa, maana mafuta yakizidi hukamata vumbi.

USIPULIZE HAPA
Usipulize kamwe kwenye breki. Mafuta yakigusa sahani au pedi, breki huteleza. Fikiri umepakia magunia ya ndengu, unaingia Barabara Kuu ya Mombasa mbele ya lori la mizigo. Wakanyaga breki, gari halisimami! Breki husafishwa kwa dawa yake maalumu. Mafuta yakiisha kuingia, usiendeshe gari, mwite fundi.

Usipulize kwenye beringi za magurudumu pia, kwa kuwa mafuta haya huosha grisi iliyomo. Wala usipulize kwenye mkanda wa feni, maana utateleza.

JIHADHARI NA MOTO
Mafuta haya huwaka. Zima injini, iache ipoe, fungua waya wa betri, na fanya kazi mahali penye hewa. Usivute sigara, wala usiweke taa ya moto karibu.

TUNZA KOPO
Ndani mna gesi iliyoshindiliwa. Usilitoboe wala usilitupe motoni, hata likiisha. Lisipate joto la kupita digrii 50. Kwa hiyo usiliache ndani ya gari lililofungwa juani.

Lifungie mbali na watoto. Mtoto akiyameza, usimtapishe, kwa sababu mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja, na kopo ulichukue ili daktari alisome. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15.

Kabla ya kubonyeza kopo, jiulize maneno matatu: Je, breki ziko karibu? Je, kuna moto? Je, watoto wako wapi? Ukiisha kupata jibu jema kwa yote matatu, puliza, tena kidogo.