Watu Watatu Nyuma ya Dari

Kwa nini mama akikaanga samaki, jirani wa mlango wa nne anajua? Kwa nini mwezi wa tano unachemka ndani ya kondo yako na ofisi ya jengo inakwambia subiri? Kwa nini umeme ukikatika, maji ya ghorofa ya 20 nayo yanaondoka? Baada ya kipindi chetu kuhusu kodi na nyumba, mlituletea maswali ya aina hii mengi kuliko maswali ya kodi yenyewe. Nimepewa mimi niyajibu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mimi ni msanifu majengo, na sehemu kubwa ya wiki yangu naimaliza mezani na wahandisi watatu: wa mitambo, wa umeme na wa mabomba.

Nyumbani tuna majina mepesi: fundi AC, fundi umeme, fundi bomba. Lakini fundi ndiye anayefunga. Mhandisi ndiye aliyepiga hesabu kabla yake: bomba liwe nene kiasi gani, waya ubebe mzigo gani, hewa iingie kiasi gani. Hapa Ontario anapiga muhuri wake kwenye ramani, na jambo likiharibika, muhuri ule ndio unaoulizwa. Kwa hiyo hawa watu ni waangalifu, na wakikataa kitu mara nyingi wana sababu. Kazi yangu ni kuijua hiyo sababu, halafu kutafuta njia.

Dari ni kama shamba la urithi

Watu wanadhani mchora ramani ndiye mwenye kauli. Hebu ingia kwenye kikao kimoja. Kati ya dari unayoiona na zege la juu yake kuna nafasi ndogo, na kila mtu ana madai yake pale: dakti za hewa, mabomba ya maji safi, mabomba ya maji taka, mabomba ya kuzimia moto, nyaya, taa. Ni ndugu wengi na shamba ni moja.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni nani anaweza kupinda na nani hawezi. Waya unapita popote. Maji safi yanasukumwa na presha, kwa hiyo bomba lake linaweza kupanda na kushuka. Dakti unaweza kuifanya bapa, ingawa ukiibana sana inaanza kupiga kelele. Lakini maji taka hayasukumwi na mtu. Yanateremka kwa uzito wake tu. Kanuni za ujenzi za hapa zinasema bomba la maji taka la inchi 3 au chini ya hapo lishuke angalau 1 kwa 50. Yaani kila mita 5, linashuka sentimita 10. Choo kikiwa mita 10 kutoka kwenye bomba kuu la wima, tayari umepoteza sentimita 20, na dari ya jirani wa chini imeshuka nazo.

Ndiyo maana vyoo na majiko ya kondo yamepangwa moja juu ya jingine kama sahani. Si uvivu wetu, jamani. Na ndiyo maana ukisema unataka kuhamishia choo upande wa pili wa nyumba, jibu huwa hapana hata kabla hujamaliza sentensi.

Kwa hiyo mezani tuna utaratibu: maji taka yanachagua njia kwanza, dakti kubwa zinafuata, halafu mabomba ya moto, nyaya mwisho. Siku hizi tunaweka vyote kwenye modeli moja ya kompyuta, na programu inatuonyesha pale bomba linapopita katikati ya dakti. Mgongano wa kwenye kompyuta unamalizwa kwa barua pepe mbili. Mgongano huohuo ukigunduliwa saiti, mafundi wa timu tatu wanasimama wakiangaliana, na saa zao zinalipwa.

Pengo chini ya mlango

Sasa turudi kwa samaki. Toronto ina zaidi ya majengo 1,000 ya ghorofa yaliyojengwa kati ya miaka ya 1950 na ya 1980. Thorncliffe Park, Flemingdon Park, St. James Town, Rexdale: wengi wetu tumelelewa humo, au tuna shangazi anayeishi humo mpaka leo. Mengi ya majengo hayo, na kondo nyingi mpya pia, yanapumua hivi. Mashine iliyo juu ya paa inasukuma hewa safi kwenye korido. Hewa hiyo inaingia nyumbani kwako kupitia pengo lililo chini ya mlango, halafu inatoka nje kupitia feni za choo na jiko. Lile pengo limewekwa makusudi. Ni pua ya nyumba.

Kama kila kitu kinafanya kazi, hewa inatoka korido kuingia kwako, na harufu ya samaki inabaki ndani mpaka feni iitoe nje. Lakini mashine ikichoka, au ikipunguzwa nguvu ili kuokoa gesi, mtiririko unageuka. Tena wakati wa baridi hewa ya moto inapanda ndani ya jengo refu kama moshi kwenye bomba lake, na kwenye ghorofa za chini inavuta harufu zitoke kwenda korido. Hapo bi mkubwa anaona aibu. Amechoma udi, amekaanga samaki, hataki maneno ya majirani. Anachukua taulo anaziba chini ya mlango. Kumbe ameiziba ile pua. Madirisha yanaanza kutoa jasho, kuvu inaota kwenye kona za chumba, na siku moja inakuja barua inayowalaumu wapangaji kwa namna wanavyopika.

Nimeona barua za namna hiyo. Zinaniuma kwa sababu swali la kwanza lilipaswa kwenda paani, kwenye ile mashine, halafu ndiyo liende jikoni kwa mama.

Na joto la mwezi wa tano? Majengo mengi yana mfumo wa mabomba mawili tu, moja la kwenda na moja la kurudi. Mabomba hayohayo yanabeba maji ya moto wakati wa baridi na maji baridi wakati wa joto. Hayawezi kubeba yote kwa siku moja, na kubadilisha jengo zima kunachukua muda. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto halishuki chini ya nyuzi 21 katika msimu wa baridi, kwa hiyo meneja anaogopa kubadilisha mapema. Wiki moja jua linawaka, wiki inayofuata theluji inarudi. Wewe unapepea na gazeti.

Umeme ukiondoka

Desemba 2013, dhoruba ya barafu iliwaacha wateja wapatao 300,000 wa umeme hapa Toronto gizani, siku chache kabla ya Krismasi. Wanaoishi kwenye ghorofa walijua siku hiyo kwamba umeme si taa peke yake. Presha ya maji ya jiji inafikisha maji ghorofa chache tu za chini. Kutoka hapo kwenda juu ni pampu, na pampu inataka umeme. Lifti vilevile. Mzee wa ghorofa ya 18 anabaki bila taa, bila maji, bila joto, na ngazi zinamwangalia.

Halafu tarehe 21 Agosti 2018 kukatokea moto kwenye jengo la 650 Parliament Street, St. James Town. Chanzo kilikuwa hitilafu kubwa kwenye mfumo wa umeme wa jengo. Watu wapatao 1,500 walitoka, na wengi walikaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kurudi. Fikiria: watoto kwenye hoteli, mizigo kwa ndugu, kodi na shule viko palepale. Mfumo wa umeme unakaa kwenye chumba cha chini ambacho mpangaji haruhusiwi hata kuchungulia. Lakini ukiharibika, ni maisha ya mpangaji yanayohamishwa.

"Watakuwa wangapi jikoni?"

Nimewahi kuwa kwenye mradi wa nyumba za gharama nafuu mashariki mwa jiji. Mhandisi wa mitambo alikuwa mzee wa Tanga, na kila kikao nilikuwa naanza na shikamoo kabla ya kufungua kompyuta. Siku ya kwanza aliangalia ramani yangu ya jiko akaniuliza, "Marahaba mwanangu. Hebu niambie, siku ya Idi watakuwa wangapi jikoni hapa?"

Hesabu za kawaida zinachukulia familia ndogo na sufuria moja mbili. Yeye alikuwa anafikiria pilau ya watu 15, vitumbua kwenye mafuta, na jiko linalowaka tangu alfajiri. Swali lile lilibadilisha kazi. Feni ya juu ya jiko haikuwa tena ile ya kuchuja moshi na kuurudisha chumbani. Ikawa ya kutoa moshi nje kabisa, na tukatafuta njia ya hewa mpya kuingia kufidia iliyotolewa. Mhandisi wa mabomba akaweka sehemu ya bomba la mkono kando ya choo, pamoja na kifaa cha kuzuia maji machafu yasirudi kwenye maji safi, maana kanuni zinalitaka hilo. Wa umeme akaongeza saketi jikoni.

Mtu wa bajeti alipokuja na kalamu nyekundu, feni ndizo alizoziona kwanza. Hatukumjibu kwa habari za utamaduni. Tulimpa namba: unyevu kiasi gani unatoka kwenye mapishi ya namna hiyo, na gharama ya kutibu kuvu ukutani baada ya miaka michache. Feni zilibaki kwenye nyumba za familia. Kwenye nyumba za chumba kimoja zilikatwa. Sikufurahi, lakini bila lile swali la mzee zingekatwa zote, na hakuna ambaye angejua kilichokosekana.

Mzee huyo alikuja Kanada akiwa mhandisi tayari, na akaendesha teksi miaka mingi kwa sababu alidaiwa uzoefu wa hapahapa. Sharti hilo la uzoefu wa Kanada, chombo kinachosajili wahandisi Ontario kiliondoa mwaka 2023. Kwa wazee wetu wengi limeondoka wakiwa wameshastaafu. Mimi huwa nahesabu majiko mangapi yamejengwa hapa bila mtu wa kuuliza swali lake.

Tusidhani ni mambo ya kigeni

Sultani Barghash wa Zanzibar alivuta maji ya chemchemi mpaka mjini kwa mabomba. Jumba lake la Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, linakumbukwa kama jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Ukifikiria vizuri, sehemu ya maajabu yake ilikuwa kazi ya hawa watu watatu.

Na hapa kwetu, tangu 2004 mabomba yanavuta maji ya nyuzi 4 hivi kutoka kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario. Ubaridi wake unapoza majengo ya katikati ya jiji, kisha maji yenyewe yanaendelea na safari kwenda kwenye bomba lako la kunywa. Jirani yetu Hamilton kuna Ken Soble Tower, jengo la wazee la ghorofa 18 la mwaka 1967. Lilikarabatiwa likakamilika 2021 na sasa linatumia nishati kidogo sana, lina hewa safi inayoletwa moja kwa moja kwenye kila nyumba, na lina ubaridi wakati wa joto. Kwa hiyo majengo ya aina ya Thorncliffe yanaweza kutengenezwa. Inataka pesa, na inataka watu wanaojua cha kudai.

Ndiyo maana naandika haya kwenu ambao si wahandisi. Kikao cha wapangaji au cha kondo kikiitishwa, nenda na wazazi wako ukawatafsirie, na uliza kwa namba. Mashine ya hewa ya paani ilipimwa lini, na korido inapata hewa kiasi gani? Feni ya jiko inatoa moshi nje au inauzungusha tu? Jenereta ikiwaka, inaendesha pampu ya maji na lifti ngapi, kwa saa ngapi? Mfumo wa umeme ulikaguliwa lini mara ya mwisho? "Kuna joto sana" wanaisikia kila siku. "Chumba cha mama kilifika nyuzi 31 siku tatu mfululizo, hizi hapa picha za kipimajoto" ni lugha ambayo mhandisi lazima aijibu.

Na lile taulo, mwambie mama alitoe.