Mbwa wa Msasi na Adabu ya Msako

Katika mkoa wa kusini wa Unguja, kwenye ardhi ya maweni ambako mkulima hupanda muhogo wake katika vishimo vya udongo baina ya mawe, adui mkubwa wa jembe ni nguruwe mwitu. Hutoka usiku, akafukua mashina kwa pua. Kula kwake ni kidogo, kuharibu kwake ni kwingi. Kwa sababu hiyo wasasi wa vijiji vyetu, wenye bunduki za marisau zenye leseni pamoja na mbwa wao, si watu wa anasa bali ni askari wa kilimo. Tunalitaja hili mapema ili maneno yatakayofuata yasidhaniwe kuwa ni ya kuwakejeli.

Msimu uliopita tulifuatana na kundi moja la wasasi katika msako wa asubuhi. Wasakaji walikuwa wamekwisha kukizunguka kichaka, wenye bunduki wamesimama katika njia tatu, ikingojwa ishara tu. Mara mbwa mmoja kijana, mwekundu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akilialia na kuvuta kamba, akamponyoka mshikaji wake. Hakuwa amemwona nguruwe, alimwona paa. Akamkimbiza kwa kubweka, wenziwe sita wakamfuata, na msako wote ukavurugika. Nguruwe wawili wakatokea upande usio na mtu. Lililo baya zaidi ni kwamba mzee mmoja aliyekwisha kuinua bunduki ilimbidi aishushe kwa mikono inayotetemeka, kwani mbwa alipita mbele ya mtutu, na kijana mwenye mbwa alikuwa nyuma yake mbio. Usiku ule shamba la muhogo lililokuwa karibu liliingiliwa tena.

Wengi walimlaumu mbwa. Mmoja alitaka apigwe, mwingine alitaka auawe. Sisi hatukubaliani nao. Mbwa yule ana pua, ana mbio, na ana moyo wa kazi. Alichokikosa ni mafunzo, na mafunzo ni wajibu wa mtu.

Ni ajabu jambo hili kusahauliwa katika visiwa ambavyo karibu kila mtoto hupitia chuoni. Sura ya Al-Maida, katika aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, si la mnyama yeyote. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa sana katika darsa za mwambao, ameyataja masharti ya mnyama huyo: akitumwa aende, akikatazwa azuilike, alichokikamata akishike bila ya kukiachia wala kukila, na mambo hayo yakariri mpaka ionekane kweli kwamba amefundishika. Msomaji na ayaangalie vizuri masharti hayo. Wafundishaji wa mbwa wa kuwindia kwa bunduki huko Uingereza, wenye vitabu vyao na mashindano yao, wanadai mambo yaleyale: utulivu, kuitika mwito, na kuleta. Katika mashindano hayo mbwa anayetoka kabla ya kutumwa huondolewa papo hapo. Na wale wanaosema kwamba mbwa ni najisi na kwa hiyo hastahili kushughulikiwa, wakumbuke kuwa Mtume ameruhusu afugwe kwa windo, kwa mifugo na kwa shamba. Najisi ina maji yake na udongo wake.

Katika mafunzo, mwito hutangulia. Mbwa mwenye papara asifunguliwe hata siku moja mahali ambapo hawezi kuzuiwa. Afungwe kamba nyepesi ya hatua 15 au 20, aachwe anuse atakavyo, kisha apigiwe filimbi mara moja. Asipokuja avutwe taratibu. Akifika apewe kipande cha samaki na asifiwe. Hapa ndipo wasasi wengi wanapopotea njia. Mbwa hutoroka, huitwa mara kumi, hatimaye hurudi, na bwana wake humcharaza bakora. Bwana anadhani ameadhibu kutoroka, kumbe mbwa amefahamu kwamba kurudi ndiko kunakouma. Wala asikimbizwe, maana atadhani ni mchezo; bwana akimbilie upande mwingine, naye atamfuata.

Utulivu ndio mgumu. Mbwa akalishwe, bwana asogee hatua moja na kurejea, kesho hatua tatu. Kisha kumbi la nazi lililoshonewa gunia lirushwe mbele yake, na bwana mwenyewe aende kuliokota. Katika mara kumi, mbwa atumwe mara mbili au tatu tu, ili afahamu kwamba si kila kinachoruka au kukimbia ni chake. Mbwa mwepesi wa damu akirushiwa kumbi mara thelathini mfululizo, kama wafanyavyo watoto, huzidi wazimu. Robo saa kwa siku yatosha, kwa sauti ya chini. (Tumewaona mabwana ambao wao ndio waliostahili kufungwa kamba.) Baadaye apitishwe katikati ya mbuzi na kuku akiwa kambani, na mlio wa bunduki ausikie kwanza kwa mbali, akiwa amekaa, kisha usogezwe karibu siku baada ya siku. Asiingizwe katika kundi kabla ya hayo, kwani mbwa hujifunza fujo kwa wenziwe upesi kuliko adabu.

Ama kuleta, nguruwe haletwi. Huyo huzuiwa tu mpaka bunduki ifike. Lakini kanga akianguka kichakani hupotea bila ya mbwa. Mbwa akishaokota, bwana arudi kinyumenyume ili afuatwe, wala asimnyang'anye kwa nguvu, maana kunyang'anywa humfunza kutafuna. Na mbwa akiliua windo yeye mwenyewe na kulila, basi hilo si halali tena. Hadithi ya Adiy bin Hatim imeeleza kwamba huyo amejikamatia nafsi yake. Pahala palipoingia meno paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

Kuna na jambo linalowahusu wakuu wa Serikali. Yule paa aliyekimbizwa huenda alikuwa paa nunga, mnyama adimu ambaye makazi yake duniani ni Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya. Tunayo Sheria ya Misitu ya mwaka 1996 na Hifadhi ya Jozani iliyotangazwa mwaka 2004, lakini mbwa hasomi sheria. Kauli ya kwamba mbwa ndiye aliyemkamata haifai kupokewa na sheha yeyote. Tunapendekeza kila kiongozi wa wasasi, mbele ya sheha wake, ampime mbwa kabla ya kumruhusu katika msako: atulie bunduki inapolia, na amwache mbuzi kwa filimbi moja. Siku hiyohiyo bwana mifugo awachanje wote dhidi ya kichaa cha mbwa.

Baada ya miezi minne tulikwenda tena. Mbwa mwekundu alikuwa amekaa kando ya bwana wake, akitetemeka mwili mzima, na paa akapita mbele yao kiasi cha hatua 20. Filimbi haikupigwa. Nguruwe hakupatikana siku ile, na mwenye shamba alirudi kulinda muhogo wake usiku.