Kusasisha Vipokea Sauti vya Masikioni kwa Simu ya Kampuni Nyingine

Ndani ya kila kipokea sauti cha masikioni kisichotumia waya mna programu dhibiti, yaani maelekezo yaliyohifadhiwa katika chipu, ambayo huongoza sauti, chaji na mawasiliano ya Bluetooth, na ambayo mtengenezaji huyasasisha ili kurekebisha kasoro na kuziba mianya ya usalama. Kwa kuwa Bluetooth ni utaratibu unaotumiwa na kampuni zote, AirPods za Apple hutoa sauti vizuri zikiunganishwa na simu ya Android. Hata hivyo, simu hiyo haiwezi kuzisasisha, kwa sababu kazi hiyo imeachiwa vifaa vya Apple, kama iPhone, iPad na kompyuta ya Mac. Usasishaji wenyewe hauna kitufe: AirPods hurudishwa kikashani, kifuniko kikafungwa, kikasha kikachomekwa kwenye chaji, na iPhone iliyounganishwa nazo, yenye intaneti, ikawekwa karibu kwa dakika zisizopungua 30. Galaxy Buds za Samsung zina unafuu, kwani programu ya Galaxy Wearable, inayozisasisha, hupatikana pia katika simu za Android za kampuni nyingine. Hivyo, mnunuzi na aulize jambo hili kabla ya kulipa.