Umefuta? Bado hujafuta! Soma kabla hujagawa diski yako

Leo nina kisa kidogo halafu somo, na kisa chenyewe nimemuomba mwenyewe ruhusa. Amekubali, kwa sharti kwamba nisitaje barua ilihusu nini.

Dada yangu alinunua laptop mpya. Hadi diski ya ile ya zamani, gigabaiti 500, akanipa nimpelekee dogo mmoja wa mtaani anayejifunza kompyuta. Akaniambia, "Futa vitu vyangu kwanza." Mimi mjuaji nikachagua kila folda, nikafuta, nikamwaga na Recycle Bin. Diski nyeupe peee!

Nikaipeleka kwa fundi wa kafe aichunguze kama ni nzima. Jamaa akaniuliza, "Umefuta kweli?" Nikamjibu kwa kiburi. Akacheka, akafungua programu inaitwa Recuva, ya bure kabisa, na dakika chache tu orodha ikaanza kushuka. Picha za harusi, vyeti vya shule vilivyoskaniwa, pasipoti, CV. Halafu akabofya faili moja, ikatokea barua ya hospitali yenye jina kamili la dada, na skrini imewaelekea wateja. Niliruka kuzima ile monita kama mtu aliyeona nyoka. Sijui nani aliisoma. Mpaka leo nikipita pale naangalia chini.

Sasa ilikuwaje? Jamani, kompyuta ni mvivu. Ukiifuta faili, yenyewe haigusi faili. Inakwenda kwenye daftari lake la orodha na kuandika kwamba sehemu ile sasa iko wazi, yeyote aje akae. Ni sawa na mwenye nyumba kufuta jina lako kwenye daftari la wapangaji wakati godoro na masufuria yako bado yamo chumbani. Mpaka aje mpangaji mwingine aweke vyake juu, vyako vipo. Ile fomati ya haraka nayo ni hivyo hivyo, inaanzisha daftari jipya tu.

Na msidhani ni sisi wa uswahilini tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokuta kwenye diski 158 za mtumba walizonunua. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa vizuri ni 12 tu! Ndani kulikuwa na maelfu ya namba za kadi za benki. Halafu mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Canada walinunua diski ya mtumba pale Tema, Ghana, kwa dola 40, wakakuta nyaraka za mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayotengeneza silaha za jeshi la Marekani. Kama wale wamesahau, itakuwa mimi?

Dawa ni kuandika kitu kingine juu ya kila sehemu ya diski. Njia rahisi kwa mtu wa Windows: chomoa diski, iweke kwenye kava la USB, ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Bofya kitufe cha kulia, chagua Format, halafu TOA ile tiki ya Quick Format. Hapo ndipo penyewe. Kuanzia Windows Vista, fomati ndefu inaandika sifuri diski nzima. Ile ya XP ilikuwa inakagua ubovu tu, kwa hiyo ukikuta kafe ina XP, hama. Na kama diski imegawanywa C na D, fomati zote mbili, wengi wanasahau D.

Kwa wale wa Linux, amri ya shred inafanya kazi hiyo. Ila angalia herufi ya diski mara tatu, maana ukikosea unafuta ya mwenye kafe na utalala kituoni. Kuna pia ShredOS, unaiweka kwenye flashi na kuwashia kompyuta kutoka humo.

Uvumilivu unahitajika. Ile ya dada kwa USB ya zamani ilichukua karibu saa tano, na umeme ulikatika mara moja nikaanza upya. Kuna wajuaji watakwambia lazima urudie mara 35. Hiyo ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na mwenyewe alishasema baadaye kwamba kwa diski za kisasa haina maana. Mara moja inatosha.

Tahadhari kwa wenye SSD, na hata flashi: zenyewe zinahamisha data kwa siri ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo kuandika juu yake hakuhakikishi kitu. Kwa SSD tafuta programu ya kampuni iliyoitengeneza, yenye kazi ya Secure Erase. Kwa flashi bora ufunge data kwa nywila tangu mwanzo, VeraCrypt ni ya bure. Na diski iliyokufa usimwachie fundi akaiuze kama spea. Ifungue, sahani za ndani zipige nyundo. Funika na kitambaa, maana za laptop nyingi ni za kioo.

Ukimaliza, jijaribu mwenyewe kwa Recuva, chumbani kwako. Mimi nilijaribu ikaniletea patupu. Nikampigia dada, akaniuliza mara mbili, "Una uhakika?" Nikampeleka aone kwa macho yake ndipo akakubali diski iende. Dogo ameshaijaza muvi.