Je, Wajua? Kinachomfikisha Mzee Miaka Mia

Mzee aliyepita miaka tisini akionekana anatembea bila fimbo huko Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, watu husema, "Ni damu ya kwao." Damu ina sehemu yake, lakini Lubumbashi inatufundisha kwamba haifanyi kazi peke yake.

Je, wajua kwamba mtafiti wa uzee huanza na makaratasi kabla ya kupima damu?

Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alizaliwa tarehe 21 Februari 1875 na kufariki tarehe 4 Agosti 1997. Anatambuliwa kuwa binadamu aliyeishi muda mrefu kuliko wote, miaka 122 na siku 164, kwa sababu jina lake limo katika madaftari ya mji wake. Kwetu makaratasi ni haba: Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Lubumbashi, hata hivyo, ina hazina yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, ilianza kuwahimiza wafanyakazi kukaa kambini pamoja na wake zao. Posho iligawiwa kwa kuhesabu mke na watoto, kwa hiyo majina yaliandikwa. Aliyezaliwa kambini miaka ya 1930 ana nafasi nzuri zaidi ya kuthibitisha umri wake kuliko mwenzake aliyezaliwa kijijini.

Je, wajua kwamba jeni zilikadiriwa kueleza kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha?

Watafiti wa Denmark walichunguza zaidi ya jozi 2,800 za mapacha waliozaliwa kati ya 1870 na 1900. Waliwalinganisha mapacha wa yai moja, wenye jeni zilezile, na wale wa mayai mawili, wakapata hiyo robo. Sehemu kubwa iliyobaki ni chakula, maji, magonjwa, kazi na bahati. Kwa waliofika miaka mia, uzito wa ukoo huonekana zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta kwamba kaka za watu hao walikuwa na nafasi ya kufika miaka mia mara 17 zaidi ya wanaume wengine wa rika lao, na dada zao mara 8 zaidi ya wanawake wenzao. Ndugu hurithi jeni, lakini pia hula chungu kimoja.

Je, wajua kwamba ni jeni chache tu zilizothibitika kugusa uzee mrefu?

Mojawapo ni FOXO3. Husaidia kusimamia jinsi seli inavyoitikia insulini, inavyokarabati DNA yake na inavyojikinga na uharibifu. Mwaka 2008, uchunguzi wa wanaume wenye asili ya Kijapani huko Hawaii ulionyesha kwamba sura fulani ya jeni hii hupatikana zaidi kwa waliofika miaka 95 na kuendelea. Mwaka uliofuata, Wajerumani wakaona jambo hilohilo kwa wazee wao.

Je, wajua kwamba jeni inayoogopwa Ulaya huenda isiwe na ukali uleule Afrika?

Jeni hiyo, APOE, ina sura tatu kuu: e2, e3 na e4. Ulaya na Marekani, mwenye e4 yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa Alzheimer, na sura hiyo ni adimu kwa waliofika miaka mia. Afrika ya Kati ina e4 nyingi kuliko Ulaya. Lakini wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, walipochunguzwa, uhusiano wa e4 na ugonjwa huo ulionekana hafifu. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa kwa damu ya Wazungu hakiwezi kusomwa vilevile Lubumbashi.

Je, wajua kwamba jeni moja humlinda mtoto huyu na kumwumiza ndugu yake?

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni chache milimani. Mwaka 1954 alitangaza sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja, yaani AS, hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni SS, na ndiye mgonjwa. Baba AS na mama AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Lubumbashi ina malaria, na jeni hii imeenea. Ndiyo maana madaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakiwapima watoto wachanga. Mtoto akijulikana mapema, penisilini na chanjo humpa miaka ambayo angeipoteza.

Je, wajua kwamba mazingira yanaweza kuijeruhi DNA yenyewe?

Mwaka 2018, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo kutoka Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti ilichimbwa kati ya nyumba za watu. Watoto wa hapo walikuwa na kobalti nyingi mwilini na dalili za uharibifu wa DNA. Jeni nzuri ya babu haimtoshi mjukuu anayevuta vumbi la namna hiyo.

Je, wajua kwamba wazee wetu karibu hawamo katika hesabu za dunia?

Kufikia mwaka 2018, takriban asilimia 78 ya walioshiriki tafiti kubwa za jeni walikuwa wenye asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, ulikusanya Waluba, Wabemba, Walamba, Wasanga, Watetela na wengine wengi kwa ajili ya shaba. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakazi wake tangu mwaka 2000. Wataalamu wa jeni nao wabishe hodi kwenye nyumba hizohizo, kwa ridhaa ya wenyewe.

Nasi tuna la kufanya leo: wachumba wapimwe jeni ya selimundu kabla ya ndoa, na kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, kama sheria inavyotaka. Bila cheti cha kuzaliwa, hata akiishi miaka 120, hakuna atakayeweza kuuthibitisha umri wake.