Nyongeza ya Muda kwa Msimamizi wa Mirathi: Istilahi na Mipaka yake

Makala haya yanaeleza jambo moja katika sheria ya mirathi ya Tanzania: namna kazi ya msimamizi wa mali ya marehemu inavyowekewa muda, na maana ya muda huo kuongezwa. Mashauri ya mirathi ni miongoni mwa yale ambayo Kiswahili kimeyahudumia kwa miaka mingi katika mahakama za mwanzo, kabla sheria ya mwaka 2021 haijakifanya kuwa lugha ya mahakama zote nchini humo. Kwa hiyo mfasiri wa Kongo atafutaye istilahi za sheria hana budi kuyachunguza.

1. Mrithi na msimamizi

Maneno mirathi, urithi na mrithi yametoka katika shina moja la Kiarabu, lakini hayana kazi moja. Urithi ni kile apatacho mtu. Mirathi, kwa lugha ya mahakama, ni mali ya marehemu kwa jumla yake, na pia shauri linalohusu mali hiyo. Mrithi ni mwenye haki. Msimamizi ni mwenye wajibu. Mara nyingi mtu mmoja huwa yote mawili, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 humkabidhi kazi hiyo mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wenziwe, au yule waliyemchagua warithi. Kwa Kifaransa huitwa liquidateur. Nchini Tanzania umri haumpi mtu mamlaka hayo. Kwa desturi kikao cha ukoo hupendekeza jina, lakini mahakama ndiyo iteuayo. Mfasiri akiandika «msimamizi» mahali pa liquidateur, yafaa aongeze maelezo, la sivyo msomaji atadhani mamlaka yanatoka mahali pamoja.

2. Kazi na muda wake

Kazi za msimamizi ni tatu: kukusanya mali, kulipa madeni, na kuwagawia wenye haki kinachobaki. Sheria inayotawala usimamizi wa mirathi (Sura ya 352) inamtaka awasilishe mahakamani orodha ya mali katika miezi 6 tangu kuteuliwa, na hesabu katika mwaka 1. Katika mahakama za mwanzo, ambazo husikiliza mirathi zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu, kanuni za mwaka 1971 zinadai taarifa kamili ya mali na madeni katika miezi 4.

Vifungu hivyo havikuishia kwenye hesabu ya miezi. Kila kimoja kinaruhusu muda zaidi ambao mahakama itaona unafaa. Watunga sheria walijua kwamba kiwanja chaweza kuwa na mgogoro wa mpaka, mdaiwa aweza kujificha, mafao ya kazi yaweza kuchelewa, na mrithi mmoja aweza kuwa mbali.

3. Nyongeza ya nini?

Hapa lugha yadai uangalifu. Kifaransa hutenganisha prolonger na étendre. Kiswahili hutumia mara nyingi neno moja, kuongeza. Msimamizi anayesema «mahakama imeniongezea» aweza kueleweka kwamba amepewa uwezo mkubwa kuliko wa awali. Sivyo. Kilichorefushwa ni muda, mamlaka hayakupanuliwa. Nyumba ambayo hakuwa na haki ya kuifanya yake jana, leo pia hana haki hiyo. Wajibu wa kutoa orodha na hesabu unarefuka pamoja na siku zake.

Kwa sababu hiyo ombi la nyongeza lenye uzito hueleza mambo matatu: kazi iliyokwisha kufanyika, kazi iliyobaki, na kilichoizuia. Tuseme marehemu aliacha nyumba mbili. Moja imekwisha gawanywa, ya pili ina shauri mahakamani. Msimamizi anayeonyesha hayo kwa hati ana sababu. Yule anayekusanya kodi ya nyumba zote mbili bila kuandika hesabu yoyote, kisha akaomba muda, hana sababu ila faida yake. Sheria inaruhusu uteuzi wake ufutwe ikiwa kwa makusudi, bila sababu ya haki, hakuwasilisha orodha au hesabu.

4. Anayengoja

Maadamu uteuzi unadumu, hakuna mtu mwingine awezaye kushtaki wala kutenda kwa niaba ya marehemu. Mjane hawezi kumdai mpangaji kodi kwa jina la mumewe; watoto hawawezi kufuata fedha zilizo benki. Katazo hilo linailinda mali isigombaniwe na wengi. Lakini msimamizi akizembea, katazo hilo hilo linawafunga mikono wale ambao mali ni yao. Kila mwezi unaoongezwa kwake ni mwezi wa kungoja kwao, na kwa haki wanastahili kusikilizwa kabla haujatolewa.

Kwa kuhitimisha, twapendekeza wafasiri waandike «kurefusha muda wa usimamizi» wanapozungumzia siku, na «kupanua mamlaka» wanapozungumzia uwezo, wala wasiyachanganye. Hakimu atapima kazi iliyobaki; lakini mjane asomaye hati ya mahakama anahitaji kuelewa, kwa lugha yake, kwamba shemeji yake ameongezewa siku za kumaliza kazi, na kwamba hakupewa nyumba.