UMESAHAU NENOSIRI LA UKURASA WAKO WA BIASHARA? ANZA NA LAINI

Ukurasa uliofungua miaka ile bado upo hewani. Picha za vitenge zipo, wateja wanauliza "bado mnauza?" Ila wewe mwenyewe huwezi kuingia. Kabla hujafungua mwingine na kuanza kutafuta wafuasi upya, soma hapa.

Wengi tunahangaika kukumbuka paswedi. Paswedi siyo shida kubwa, ikisahaulika unaweka nyingine. Mlango unafungwa pale ambapo namba ya simu au barua pepe uliyojisajilia huna tena, maana huko ndiko namba za uthibitisho zinakotumwa.

1. RUDISHA LAINI KWANZA
Kama ilipotea au iliibiwa na bado ina jina lako, nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA. Utaweka kidole, utapewa laini mpya yenye namba ileile. Usizembee: laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Huyo akiomba paswedi mpya, ujumbe unaingia kwake. Akitapeli wateja wako, watakudai wewe.

2. ITAFUTE SIMU YA ZAMANI
Hata kama kioo kimepasuka. Huenda akaunti bado iko wazi humo, au paswedi imehifadhiwa kwenye Chrome. Usiifute chochote, wala usitoke kwenye akaunti.

3. PITA NJIA HALALI, NI BURE
Facebook: ingia facebook.com/login/identify, andika namba au barua pepe yako, kisha fuata maelekezo.
Gmail: ingia g.co/recover. Tumia simu uliyoizoea, ukiwa nyumbani au dukani unapoitumia siku zote. Ukiulizwa swali usilolikumbuka vizuri, jibu unavyodhani, usiliruke.

Hujui hata Gmail yako ni ipi? Mara nyingi ilifunguliwa na aliyekuuzia simu. Mrudie, muulize aliandika jina gani na aliweka namba ya nani. Na usikae sana: tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

4. USIMLIPE "MTAALAMU"
Atakuja inbox: "Tuma elfu ishirini nikurudishie." Akishapokea anakublock, au anakuomba namba za uthibitisho halafu anaingia yeye. Namba hizo hapewi mtu yeyote, hata akisema anatoka Facebook.

UKISHAINGIA, FANYA HAYA SIKU HIYOHIYO
✅ Weka laini unayoitumia sasa, iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo la shemeji.
✅ Weka barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe.
✅ Andika paswedi kwenye daftari la nyumbani. La mauzo hapana, kila anayekusaidia dukani analishika.
✅ Ongeza mtu mmoja unayemwamini awe msimamizi wa pili wa ukurasa. Wewe ukikwama, yeye anaingia.

Wateja waliokuzoea ni mtaji. Duka huwezi kuliacha bila ufunguo wa akiba, na ukurasa ni hivyohivyo.

Mtumie mwenzako ambaye ukurasa wake umelala. Huenda laini yake bado inarudishika leo.